Kiungo mkabaji ndo kocha wa kesho: tumtazame vizuri Didier Deschamps

Kila Ufaransa ikifika fainali, hapa Mombasa mjadala ni ule ule, watu wasema kocha wake Didier Deschamps ana bahati. Ati ukiwa na Mbappé, ukiwa na Griezmann, ukiwa na mabeki ambao wote wachezea timu kubwa za Ulaya, kocha ana kazi gani tena zaidi ya kuandika majina kwenye karatasi alafu akae benchi atafune bigijii? Nimeyasikia haya maskani ya Kibokoni watu wakinywa kahawa, nimeyasikia kwenye matatu ya Bamburi, na wanaoyasema si watoto, ni watu wazima waliocheza mpira na kuutazama tangu zamani za Maradona.

Mimi nakataa. Mtu amechukua Kombe la Dunia 1998 akiwa mchezaji tena nahodha, alafu akalichukua tena 2018 akiwa kocha, na kabla yake waliofanya hivo dunia nzima ni wawili tu, Mário Zagallo wa Brazil na Franz Beckenbauer wa Ujerumani. Bahati gani hio inayorudi kwa mtu yule yule baada ya miaka 20? Na hapo sijataja fainali zingine alizofika, za klabu na za taifa, akicheza na akifundisha, tutazifikia.

Ninachosema ni hivi, kazi anayoifanya Deschamps benchi ni ile ile aliyokua akiifanya katikati ya uwanja, hajabadilisha kazi, amebadilisha mahali pa kusimama tu. Na sisi watu wa Pwani kazi ile hatujajifunza kuiona, ndo manake kocha twamwita mwenye bahati, na kiungo mkabaji wetu wenyewe, yule achezaye mbele ya mabeki kuziba mapengo, twamwita mzito.

Alizaliwa Bayonne, Oktoba 1968, kusini magharibi mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Uhispania, sehemu ambayo watu wake wapenda raga sana. Akaenda Nantes akiwa kijana mdogo, akalelewa pale pamoja na Marcel Desailly, na 1985 akaanza kuchezea timu kubwa hajafika hata miaka 18. Hakua na chenga. Hakua na mbio. Kwa urefu hakua chochote. Magoli? Mechi 103 za timu ya taifa, magoli 4. Mwaka 1996 Eric Cantona akamwita mbeba maji, yaani kazi yake ni kuwatekea wengine wanywe, na jina likamganda mpaka leo.

Lakini sisi Mombasa ndo tungekua watu wa mwisho kulicheka jina lile. Mifereji ikikauka wiki nzima hapa mtaani, huna haja na mwenye nyumba wala mwenye gari, wamngojea hamali na mkokoteni wake wa mitungi, na akichelewa hakupikwi wala hakuogwi.

Ukitaka kuelewa alichokua akifanya, tafuta mechi yoyote nzima ya Ufaransa ya 1998, magoli achana nayo, mtazame yeye peke yake kwa dakika 10 bila kutoa macho. Utaona beki Lizarazu apanda kushoto na mpira bado hata haujapotea lakini Deschamps ashaanza kuteremka upande ule kuziba. Zidane akishika mpira, yeye yuko nyuma yake hatua chache, akipoteza kuna mtu, akibanwa kuna mtu wa kumrudishia. Mpira ukimfikia haukai, mguso mmoja au miwili umeshaenda kwa aliye karibu. Na mkono, huo mkono haushuki, wewe njoo huku, wewe rudi, wewe tulia. Ufaransa ilicheza mechi 7 kombe lile ikafungwa magoli 2 tu, moja la penalti dhidi ya Denmark na lile la Suker wa Croatia kwenye nusu fainali. Watu wakumbuka vichwa viwili vya Zidane siku ya fainali dhidi ya Brazil, 3-0, tarehe 12 Julai, na wako sawa kukumbuka. Lakini Zidane aliweza kuzurura vile manake kuna mtu aliyekua hazururi.

Sasa hapa kuna usiku mmoja ambao mimi naona bila kuujua huwezi kumuelewa Deschamps kocha hata kidogo. 17 Novemba 1993, uwanja wa Parc des Princes, Paris. Ufaransa yataka sare tu dhidi ya Bulgaria iende Kombe la Dunia la Marekani. Mwezi mmoja nyuma walikua washafanya uzembe, wamefungwa na Israel 3-2 nyumbani kwao. Basi matokeo ni 1-1, dakika ya 90, na mpira ni wa Ufaransa, tena uko kule pembeni karibu na kibendera cha kona cha Bulgaria, yaani sehemu ambayo hata mtoto wa darasa la 4 anajua pale ni kuukalia tu mpira mpaka refa apulize. David Ginola akaupiga krosi. Krosi ndefu, ikawapita wote, Bulgaria wakaudaka kule nyuma, pasi chache tu, Emil Kostadinov akaufyatua ukagonga mwamba wa juu ukaingia. 2-1. Ufaransa nje.

Deschamps alikua uwanjani siku ile. Alikua na miaka 25. Na miezi michache tu nyuma yake alikua amebeba Kombe la Ulaya la klabu kule Munich akiwa nahodha wa Marseille, 1-0 dhidi ya AC Milan, kichwa cha Basile Boli, klabu ya kwanza ya Ufaransa kulichukua kombe lile. Alafu hata furaha ile haikudumu, ikatokea ile kesi ya kununua mechi na Valenciennes, Marseille wakavuliwa ubingwa wa ligi na baadae wakashushwa daraja. Yaani mwaka mmoja huo huo kijana apanda mpaka juu kabisa, alafu aona kwa macho yake vile kila kitu chaweza kuporomoka, kimoja kwa mambo machafu ya ofisini, kingine kwa krosi moja isiyo na maana.

Mimi nadhani kila timu aliyofundisha tangu hapo inacheza na usiku ule kichwani. Ikiwa inaongoza, haitaki makubwa. Ikiwa na mpira kwenye kona dakika ya 88, inaukalia. Watu waita woga. Lakini mtu aliyeungua jikoni akiwa kijana, ukimwona akishika sufuria kwa kitambaa, utamwita mwoga kweli?

Akaenda Juventus 1994, na hapo ndo pahali pazuri pa hii hadithi. Pale alipata kocha Marcello Lippi, akachukua ligi ya Italia mara tatu, 1995, 1997 na 1998, na Kombe la Ulaya 1996 kwa penalti dhidi ya Ajax mjini Roma. Sasa angalia viungo watatu walioanza fainali ile: Antonio Conte, Paulo Sousa, Didier Deschamps. Wote watatu wamekua makocha! Conte amechukua ubingwa wa Italia na Juventus, na Inter, na Napoli, na Uingereza akachukua na Chelsea. Paulo Sousa amefundisha Fiorentina na timu ya taifa ya Poland. Na Zidane aliyekuja kujiunga nao baada ya fainali ile naye akaja kuchukua Kombe la Ulaya mara tatu mfululizo akiwa kocha wa Real Madrid. Chumba kimoja cha kubadilishia nguo, na kati kati ya uwanja pakatoka makocha kama hao. Fanya hesabu mwenyewe, halafu uniambie ni ajali.

Manake kiungo, haswa mkabaji, ndo mtu pekee uwanjani ambaye mchezo wote uko mbele yake na nyuma yake kwa wakati mmoja. Straika anatazama goli. Beki wa pembeni ana mstari mmoja wa chaki wa kumsaidia, upande mmoja hauji mtu. Kipa aona kila kitu lakini yuko mbali, kupiga kelele ndo silaha yake kubwa. Kiungo mkabaji lazima ageuze shingo kila sekunde kadhaa, ajue beki wake wa kulia yuko wapi, winga wa wapinzani yuko wapi, pengo litakua wapi mpira ukipotea. Afanye hivo miaka 15, Jumamosi hadi Jumamosi. Akistaafu, kichwa kishazoea kufikiria kwa niaba ya watu 11.

Chelsea alipita mwaka mmoja, akachukua Kombe la FA 2000, kisha Valencia mwaka mmoja pia, timu ikafika fainali ya Ulaya 2001 ikafungwa na Bayern kwa penalti, yeye akiwa benchi. Na kati ya hizo akachukua Euro 2000, kombe la mataifa ya Ulaya, na Ufaransa, bado nahodha. Akaacha mpira na mwaka huo huo wa 2001 akapewa Monaco.

Na Monaco hii naomba wale wa "mpira wa kuogopa" waisikilize vizuri. Timu ile ilikua moto. Novemba 2003 waliipiga Deportivo La Coruña 8-3, magoli 11 kwenye mechi moja ya Ligi ya Mabingwa. Robo fainali wakakutana na Real Madrid ya Zidane, Ronaldo, Figo na Beckham, wakafungwa kule 4-2, wakarudi nyumbani wakashinda 3-1 wakapita kwa goli la ugenini, na aliyewaumiza Madrid ni Fernando Morientes ambaye Madrid wenyewe ndo walimpeana kwa mkopo. Nusu fainali wakaitoa Chelsea. Fainali wakapigwa 3-0 na Porto ya Mourinho, na nahodha wao Ludovic Giuly alitoka kwa jeraha mapema kabisa. Kijana Patrice Evra alikua beki wa kushoto pale, Emmanuel Adebayor wa Togo alikua bado anachipukia. Kocha anayeogopa mpira hafungi 8. Ni kwamba Deschamps huwa haanzi na mpira anaoupenda, anaanza na watu alionao na mashindano yaliyoko mbele yake, kisha ndo aamua timu icheze vipi.

Alafu 2006 akaenda Juventus. Wakati ule Juventus imeshushwa daraja kwa ile kesi ya Calciopoli, ya wakubwa wa klabu kupanga marefa, inaanza Serie B, ligi ya daraja la pili, na pointi 17 chini ya sifuri, baadae adhabu ikapunguzwa ikawa 9. Cannavaro ameondoka, Ibrahimović na Vieira wameenda Inter. Nani mwengine angechukua kazi ile? Mtu ashafika fainali ya Ulaya, ana jina, angeweza kungoja simu ya timu kubwa. Yeye akaenda kukaa na Buffon, Del Piero, Nedvěd, Trezeguet na Camoranesi waliokataa kuhama, wakasafiri vijiji vya Italia kucheza kwenye viwanja vidogo, wakamaliza wa kwanza, wakapanda. Na mwisho wa msimu akaondoka, hakuelewana na wakubwa. Hii kwangu mimi ni kubwa kuliko vikombe vingi, manake pale hakuna sifa, ukishinda watu wasema ni lazima ushinde, ukishindwa umekwisha.

Marseille 2009 mpaka 2012, akawapa ubingwa wa kwanza wa ligi baada ya miaka 18, na Kombe la Ligi mara tatu mfululizo. Msimu wa mwisho ligini walimaliza wa 10, hilo nalo nalisema, mambo yalimharibikia pale.

Julai 2012 akapewa taifa. Wakumbuke wale waliotazama Kombe la Dunia Afrika Kusini 2010, Ufaransa ilifikia mahali wachezaji wamegoma kufanya mazoezi, wamejifungia kwenye basi, dunia yote yatazama. Timu ya taifa ilikua aibu kwa wenyewe. Na kazi ya kwanza kubwa ya Deschamps ikawa Novemba 2013, mechi za mchujo na Ukraine. Kiev wakafungwa 2-0. Miaka 20 kamili tangu Bulgaria, mwezi ule ule, na Ufaransa iko tena mlangoni pa kukosa Kombe la Dunia! Marudiano Paris akabadilisha nusu ya timu, wakashinda 3-0, beki Mamadou Sakho akafunga mawili. Wakaenda Brazil. Tangu siku ile timu ile haijarudi ilikotoka.

Twende Urusi 2018, manake hapo ndo lawama zote zilipo. Mechi ya kwanza na Australia alianza na Griezmann, Mbappé na Dembélé mbele, vijana wa mbio watupu, wakashinda 2-1 kwa shida sana. Mechi ya pili akamtoa Dembélé, akamweka Giroud kati na Blaise Matuidi upande wa kushoto. Matuidi! Kiungo mkabaji kwenye nafasi ya winga. Watu walipiga kelele, na hata hapa mjini nakumbuka watu walivyokasirika, ati kocha ana dhahabu amekaa nayo mfukoni. Lakini hebu tazama alichofanya. Matuidi akiziba kushoto, Kanté akisafisha kati, Pogba anakua huru kupiga zile pasi ndefu, na Mbappé upande wa kulia hana haja ya kurudi nyuma sana, anabaki juu na uwanja mtupu mbele yake. Mechi na Argentina, 4-3, mliona wenyewe. Giroud alicheza mechi zote 7 na hakupiga hata shuti moja lililolenga goli, wakamcheka, na yeye ndo aliyekua akiwashika mabeki wawili wa kati ili Griezmann apate nafasi. Yaani Deschamps alijaza timu watu wa aina yake, watu wa kazi isiyoonekana, wanne watano, ili vijana wawili watatu wacheze wanavyotaka.

Na fainali yenyewe na Croatia kuna kitu kimoja ambacho watu wakipita nacho haraka mimi nasimama. Dakika ya 55, Ufaransa yaongoza 2-1 tu, anamtoa N'Golo Kanté. Kanté huyu huyu ambaye kombe zima alikua roho ya timu! Lakini siku ile Kanté hakua vizuri, na alikua na kadi ya njano tangu kipindi cha kwanza, Croatia washaanza kumpita. Akaingia Steven Nzonzi, mrefu, mtulivu. Dakika 4 baadae Pogba afunga, dakika ya 65 Mbappé afunga, 4-1. Ni kocha wangapi wangethubutu kumtoa kipenzi cha dunia nzima fainali ya Kombe la Dunia, wakiongoza kwa goli moja? Angefungwa pale wangemla nyama. Ni mtu aliyecheza namba ile ndo anayeweza kuona kwamba miguu ya mwenzake imechelewa nusu hatua.

Qatar 2022 ilikua hivo hivo na zaidi. Pogba hayuko, Kanté hayuko, Benzema kaumia, Nkunku kaumia, Lucas Hernández kaumia mechi ya kwanza tu. Akamchukua Griezmann, mfungaji, akamfanya kiungo, na Griezmann akacheza kombe zuri kuliko mengi aliyocheza akiwa mbele. Ile nusu fainali na Morocco sisahau, Mombasa yote ilikua Morocco, watu wametoka msikitini moja kwa moja mpaka kwenye skrini, akina mama na watoto, kila mtu. Theo Hernández akafunga dakika ya 5 na baada ya hapo Morocco ndo walikaa na mpira zaidi, wakashambulia mpaka tukaamini, na Ufaransa ikangoja, ikangoja, Kolo Muani akaingia akafunga la pili. Mzee mmoja pale tulipokua akasema kwa uchungu, "Wanangu, huyu Mfaransa hachezi, huyu atungojea tukosee." Ilituuma wote lakini mzee alisema kweli, na ile ndo kazi yenyewe.

Fainali na Argentina wako chini 2-0 na hawajacheza chochote, dakika ya 41, hata mapumziko hayajafika, akawatoa Giroud na Dembélé pamoja, akawaingiza Kolo Muani na Marcus Thuram. Kipindi cha pili Mbappé afunga mawili ndani ya dakika mbili, mechi yaisha 3-3, wakashindwa kwa penalti. Kushindwa ni kushindwa, lakini kocha wa bahati hafanyi mabadiliko yale.

Sasa na mimi nikiwa mkweli lazima niseme anapokosea, manake anakosea. Ugonjwa wake ni ule wa kungoja hata pale ambapo hakuna haja ya kungoja. Fainali ya Euro 2016, Paris, nyumbani, Cristiano Ronaldo ametoka kwa machela mapema, na Ufaransa ikacheza dakika 120 kama vile goli litakuja lenyewe, Éder wa Ureno akawaadhibu. Euro 2024 ilikua ngumu hata kutazama, walifika nusu fainali bila mchezaji wao yeyote kufunga goli la mpira wa kawaida, ni magoli ya kujifunga ya wapinzani na penalti moja ya Mbappé, mpaka Kolo Muani alipofunga dhidi ya Uhispania, na mechi ile wakafungwa 2-1. Una Mbappé, una Dembélé, una Griezmann, na wacheza hivo? Hapo simtetei. Na Juni 2021 Bucharest, dhidi ya Uswisi, walikua mbele 3-1 zikibaki dakika kama 10, mtu niliyemsifu hapa kwa kujua kufunga mlango akaacha mlango wazi, 3-3, penalti, nje. Pogba alipoteza mpira kati kati ya uwanja ndo likaja la tatu. Siku ile benchi ilichelewa kuingiza mtu wa kukaba.

Jambo la Benzema wengi hapa hawajamsamehe mpaka leo. Baada ya kesi ile ya 2015, Benzema akishtakiwa kuhusika kumtishia mwenzake Valbuena kwa video ya siri ili atoe pesa, Deschamps akamuacha nje zaidi ya miaka 5, Benzema akasema kocha amekubali presha ya Wafaransa wabaguzi, na nyumba ya Deschamps ikaandikwa maneno ukutani. Mimi naona kumuacha mwanzo ilikua sawa, kikosi kilikua kimetoka kwenye aibu ya 2010 na hakikua na nguvu ya kubeba ugomvi mwengine. Lakini miaka 5 ilikua mingi. Alipomrudisha 2021 Benzema akafunga magoli 4 kwenye Euro ile, basi kila mtu akajua walichokosa.

Januari 2025 alitangaza kwamba Kombe la Dunia la 2026 ndo mwisho wake na timu ya taifa. Miaka 14 kwenye kiti kile. Ndo maana nataka tuzungumze saa hii, na tuzungumze kwa faida yetu.

Nenda Tononoka jioni yoyote kuna mechi, au nenda Bomu, nenda Serani, nenda zile mechi za Ramadhani za usiku. Tazama watu wanapiga kelele kwa nani. Nilimtazama kijana mmoja wa Majengo msimu uliopita, mwembamba, jezi imemzidi, acheza mbele ya mabeki. Winga wa timu yake alikua na chenga tamu, uwanja wote wamuimba yeye. Kila winga akipanda, huyu kijana amgeukia beki wa kulia, amwonyesha kiganja, kaa, na beki akaa. Winga akipoteza mpira, na alipoteza mara nyingi, wapinzani wanakuja mbio na kila mara wamkuta huyu kijana ashasimama pale pale wanapotaka kupita, hatelezi, hapigi mtu, aweka tu mwili na mpira warudi. Goli moja bila wakashinda. Mchezaji bora akachaguliwa winga. Kijana akavua viatu akavifunga kamba pamoja, akavitia begani, akaondoka na hakuna aliyemwambia lolote.

Huyo akifika miaka 30 na kidogo hatumwoni tena. Ataingia boda boda, au atapata kibarua bandarini, au atavuka bahari aende Ghuba. Na mtaa ukitaka kocha wa watoto utamchukua nani? Yule mfungaji wa zamani mwenye jina, ambaye mwenyewe hajui kwa nini alikua anafunga, manake alikua anafunga tu. Sisemi mfungaji hawezi kufundisha, Harambee Stars sasa hivi wako na Benni McCarthy na alikua straika mkubwa, na 2025 kwenye CHAN, kombe la wachezaji wa ligi za ndani za Afrika, tulimfunga Morocco 1-0 chini yake, nani alitegemea? Lakini ukiacha muda mfupi wa Francis Kimanzi na Jacob Mulee wetu wenyewe, tangu AFCON ya 2019 ya yule Mfaransa Sébastien Migné, kisha Engin Fırat wa Uturuki, sasa McCarthy wa Afrika Kusini, timu ya taifa yetu mara nyingi imekua ikikabidhiwa kwa wageni. Wageni si wabaya hata kidogo. Ila na sisi wenyewe tuna watu wanaoona mchezo na hatuwaulizi hata swali.

Kwa hivo nawaambia wenye timu za mitaa, nyinyi ambao kila mwaka mwachanga pesa ya jezi mpya, seti mbili, na nembo na jina mgongoni: mwaka huu vaeni zile za zamani. Ile pesa mlipieni kiungo wenu mkubwa kozi ya ukocha ya leseni D ya CAF, ile ya kuanzia, akiwa bado anacheza, asingoje mpaka goti life. Mpeni watoto wa chini ya miaka 13 Jumamosi asubuhi. Na mechi ikiisha, kabla hamjaanza kumtukana kipa kwa goli la pili, mwiteni yeye pembeni mumuulize pengo lilianzia wapi. Atawaonyesha kwa kidole mahali penyewe, na ni nani aliyetoka pale.